Mtumwa aliyekitia heshima kiazi kitamu

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, hapa kwetu pwani kiazi kitamu hupanda cheo. Kiazi hicho hicho kilichokuwa kimerundikwa sokoni mwezi wa Shaabani bila ya kuulizwa bei, sasa hugombewa. Humenywa, kikakatwa vipande, kikapikwa kwa tui zito na iliki, na magharibi ikiadhiniwa hukuta kimeshapakuliwa kando ya mbaazi na muhogo. Idi ikipita, kiazi hurudi mahali pake: chakula cha asiye na pesa ya mkate. Ukimwandikia mgeni viazi vya kuchemsha asubuhi huenda ukaona haya, hali ya kuwa mgeni mwenyewe alivila kwa furaha mwezi mzima wa kufunga.

Huko Marekani mambo ni hayo hayo. Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba kila mwaka ni sikukuu yao ya kushukuru, siku ambayo jamaa waliotawanyika hurudi kwa wazee wao wakala pamoja. Katikati ya meza huwekwa bata mzinga, na kando yake, hasa katika nyumba za watu wa majimbo ya kusini, halikosi bakuli la viazi vitamu vilivyookwa. Viazi huchemshwa, vikapondwa pamoja na siagi, sukari, maziwa na mayai, vikatiwa mdalasini na kungumanga, kisha vikatandazwa katika bakuli la kuingia motoni. Juu yake wengine humwagia kokwa zilizokatwakatwa na sukari. Wengine hupanga peremende nyeupe, laini kama pamba, ambazo zikipata moto huvimba na kugeuka rangi ya dhahabu. Mtindo huo wa peremende ulienea kwa kitabu cha mapishi kilichotolewa mwaka 1917 na kampuni iliyokuwa ikizitengeneza na kutafuta wanunuzi. Msomaji atakayeziona madukani azitazame vizuri kabla ya kuzinunua, kwani aghalabu hugandishwa kwa jelatini, na jelatini hiyo mara nyingi hutokana na nguruwe.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Wamarekani wengi hukiita kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa kwa jina la kiazi kikuu, ingawa kiazi kikuu ni kitu kingine kabisa, kama ajuavyo kila mfungaji wa pwani. Jina hilo lilitoka Afrika Magharibi pamoja na watumwa. Walipofika ng'ambo hawakukipata kiazi walichokizoea kwao, basi wakalivika jina lake hilo zao la Amerika lililokuwa likifanana nacho. Walikivumbika katika jivu la moto usiku, baada ya kazi ya shamba, wakakila bila ya sahani wala kijiko.

Kutoka jivuni hadi meza ya sikukuu ni safari ndefu, na katika watu waliokisindikiza kiazi katika safari hiyo, sioni aliyehangaika nacho zaidi ya George Washington Carver. Wengi wamewahi kulisikia jina lake kwa sababu ya njugu karanga. Kumbe aliandika juu ya kiazi kitamu tangu mwanzo wa kazi yake, akawa angali anaandika juu yake katika uzee wake.

Carver alizaliwa mtumwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Tarehe yenyewe haikuandikwa, kwani watoto wa watumwa hawakuandikiwa vyeti. Kilichoandikwa ni bei ya mama yake. Mama huyo, jina lake Mary, alinunuliwa mwaka 1855 na mkulima Moses Carver kwa dola 700, akiwa msichana wa miaka 13 hivi. Baba yake mtoto alifariki katika ajali kabla George hajapata akili ya kumjua.

Wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, magenge ya wanyang'anyi yalikuwa yakivuka mipaka ya Missouri na kuiba watu. Usiku mmoja walimchukua Mary na mwanawe mchanga. Moses Carver alituma mtu awafuate. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, akiwa mgonjwa wa kifaduro, na yasemekana ujira aliolipwa ni farasi. Mary hakuonekana tena. Hata alipokuwa mzee na mashuhuri, Carver hakupata kujua mama yake alifia wapi, wala hakupata kaburi la kulizuru.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, George na kaka yake Jim walibaki kwa Moses na mkewe Susan, wakalelewa nao. Jim alikuwa na nguvu, akashika jembe. George alikuwa dhaifu wa mwili, sauti yake nyembamba, hivyo aliachwa jikoni na Bi Susan. Hapo ndipo ilipoanza elimu yake. Alijifunza kupika, kufua, kupiga pasi, kushona na kufuma, na jioni alikwenda mwituni kuchimba mimea na kuihamishia katika kijibustani chake cha siri. Majirani wakawa wanamletea maua yaliyonyauka ayatibu. Wako wanaume watakaotikisa kichwa kusikia mtoto wa kiume amefunzwa kazi za jikoni. Lakini kwetu pwani, ambako kushona kofia si aibu kwa mwanamume, na ambako pilau ya harusi hupikwa na wanaume mbele ya masufuria makubwa, jambo hili halina ajabu. Kazi hizo za jikoni ndizo zilizomlisha na kumsomesha.

Shule ya karibu haikumpokea mtoto mweusi. Akiwa na umri wa miaka 12 au 13 alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Neosho, ambako kulikuwa na shule ya watoto weusi. Huko alipokewa na Bi Mariah Watkins, mkunga na dobi, aliyekuwa na ujuzi mwingi wa dawa za miti. Kijana alipojitambulisha kuwa yeye ni George wa Carver, bibi huyo alimkataza kusema hivyo tena. Tangu siku hiyo jina lake likawa George Carver, maana yeye si mali ya mtu.

Kutoka hapo alihamahama katika jimbo la Kansas kwa miaka mingi. Husimuliwa kwamba mahali fulani aliomba kazi ya upishi, naye hakuvijua vyakula vya watu wale. Alimwomba mwenye nyumba amwonyeshe jinsi bwana wake apendavyo kila kitu kipikwe, akatazama mikono yake, na kwa njia hiyo akajifunza upishi wenyewe bila ya kujulikana. Aliondoka katika mji wa Fort Scott mwaka 1879 baada ya kuona kwa macho yake mtu mweusi akiuawa na kundi la watu bila ya hukumu. Mwaka 1885 chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, alifukuzwa mlangoni.

Alipata chuo mwaka 1890 huko Iowa. Alianza na uchoraji na muziki, akijilipia kwa kufua nguo za wanafunzi wenzake. Mwalimu wake wa uchoraji ndiye aliyemshauri ageukie kilimo. Mwaka 1891 aliingia chuo cha kilimo cha Iowa mjini Ames, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza hapo, na mwanzoni alilazimishwa kula chini ya jengo pamoja na vibarua. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Picha yake moja ya mimea ya jangwani ilitajwa kwa sifa katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893.

Mwaka huo wa 1896 ndipo Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee, alipomwita Alabama akaongoze idara ya kilimo. Alikwenda, na huko akakaa miaka 47 mpaka kufa kwake. Hakukuta maabara. Aliwatuma wanafunzi wake kwenye majalala wakaokote chupa, vifuniko na masufuria mabovu, akayafanya vyombo vya kazi. Hakuwa mtu wa kuketi ofisini. Alizozana na mkuu wake mara nyingi kwa mambo ya hesabu na mabanda ya kuku, ambayo waama hayakumfaa, na barua zao za kulaumiana zimehifadhiwa mpaka leo.

Jambo alilolikuta Alabama ndilo lililoongoza maisha yake yote, na lafaa lielezwe vizuri. Utumwa ulikuwa umekwisha, lakini ardhi haikuwa ya watu weusi. Mkulima alilima shamba la mtu, akagawana mavuno na mwenye shamba. Mbegu, jembe, nguo na chakula alivichukua kwa mkopo katika duka, mara nyingi duka la bwana huyo huyo, na deni liliandikwa na mwenye duka pamoja na riba. Mwenye shamba alitaka pamba, kwani pamba ndiyo iliyouzika, na wengi walilima mpaka ukingoni mwa nyumba bila ya kuacha hata kitalu cha mboga. Pamba ikauchosha udongo. Kila msimu wa mavuno mkulima aliambiwa kwamba pamba yake haikutosha kulipa deni, akaanza mwaka mwingine akiwa amefungwa na daftari badala ya mnyororo. Chakula chake kilikuwa unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, vyote vya dukani. Watu waliugua kwa kukosa lishe, na huku wamesimama juu ya ardhi ambayo ingeweza kuwalisha.

Carver alifahamu kwamba kumhubiria mtu kama huyo juu ya mbolea za kununua au mashine ni kumdhihaki. Alitafuta mazao yasiyotaka fedha: kunde na njugu, ambazo huurudishia udongo rutuba, na kiazi kitamu, ambacho hustahimili ardhi iliyochoka na huzaa chakula kingi mahali padogo. Kijitabu chake juu ya majaribio ya viazi vitamu kilitoka mwaka 1898, cha pili tu katika mfululizo wa vijitabu zaidi ya 40 alivyoviandika. Mwaka 1906 aliandika juu ya kuhifadhi mavuno ya viazi, na mwaka huo huo ukaanzishwa mkokoteni uliokokotwa na nyumbu, wenye vifaa vya kufundishia, ambao ulikwenda kwa wakulima wasioweza kuja chuoni. Vijitabu vyenyewe vilitolewa bure, kwa maneno mepesi ambayo mtoto aliyesoma kidogo angeweza kumsomea mama yake.

Hapa ndipo mtaalamu wa kilimo alipogeuka mpishi, au tuseme alipomrudia Bi Susan. Aliona kwamba haifai kumwambia mtu apande viazi kama hajui la kuvifanya vikishavunwa vingi. Vikilala vibaya huoza mnamo wiki chache, na vikiliwa kwa namna moja kila siku vitachukiwa. Basi katika kijitabu kimoja aliandika jinsi ya kupanda, kuvuna bila ya kukwaruza ngozi, kuweka mahali pa joto siku za kwanza ili majeraha yafunge, na baada ya hayo jinsi ya kupika namna kwa namna, tangu mkate na biskuti mpaka vitu vya kutia kinywani wageni wakifika.

Kijitabu chake kinachojulikana zaidi juu ya kiazi kilitoka mwaka 1936, katikati ya miaka ya dhiki kuu, yeye akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70. Humo hakuliona haya jivu. Aliwafundisha watu kufunika viazi kwa jivu la moto unene wa vidole vinne au vitano, kupanga makaa juu yake na kuviacha kwa muda usiopungua saa mbili, kisha kuvipangusa kwa burashi laini na kuvila vikiwa moto na siagi. Alisema utamu upatikanao hivyo ni vigumu kuupata kwa njia nyingine. Na sababu yake yajulikana: kiazi kikipashwa moto polepole, wanga wake hupata muda wa kugeuka sukari kabla ya moto mkali kukomesha mabadiliko hayo. Anayekitumbukiza katika maji yanayochemka kwa haraka hupoteza nusu ya raha.

Karibu na maagizo hayo aliweka pishi la bakulini, ambalo lastahili meza ya sikukuu yoyote. Chukua viazi vinne vya kiasi na matufaha manne. Menya vyote, ukate vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Panga katika bakuli la kuokea tabaka la viazi na tabaka la matufaha, mpaka viishe. Nyunyiza juu yake sukari kikombe kimoja na nusu, utawanye nusu kikombe cha siagi, umwagie maji ya moto yapata vikombe viwili vidogo, uoke kwa moto wa polepole saa nzima, na uandike kabla hakijapoa. Hakuna peremende wala mayai, na ukitoa sukari, karibu vyote hivyo mkulima aliweza kuvipata bila ya kufungua daftari la deni.

Mama wa pwani asiye na jiko la kuokea hana haja ya kuhofu. Sufuria yenye ufuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, kama tupikavyo mkate wa sinia, itafanya kazi hiyo hiyo. Tufaha likiwa ghali, kwa maoni yangu embe lililoanza kuiva, lenye ukakasi kidogo, litafaa zaidi. Sukari ipunguzwe, kwani kikombe kimoja na nusu ni kingi kwa ulimi wetu, na anayetaka atie iliki. Jambo moja zaidi litawafurahisha wenye minazi: katika kijitabu cha mwaka 1918 Carver alieleza namna ya kutengeneza nazi ya bandia kwa kiazi kitamu. Ama kweli kila nchi hutamani isichonacho.

Mwaka huo wa 1918 ndio ambao kiazi nusura kiwe chakula cha taifa zima. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeleta uhaba wa ngano, na jikoni mwa Tuskegee mikate ilikuwa ikiokwa kwa kuchanganya unga wa viazi vilivyokaushwa. Serikali ilimwita Carver mjini Washington awaonyeshe wataalamu wake, nao wakaanza kuufanyia kazi unga huo. Novemba vita vikaisha, ngano ikarudi, na unga wa viazi ukasahauliwa. Tajiri hula kiazi mpaka apate mkate, na hilo twalijua hata huku kwetu.

Umaarufu ulimjia mwaka 1921, alipokwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwatetea wakulima wa njugu. Alipewa dakika 10, akafungua sanduku lake la sampuli, na mwishowe mwenyekiti akamwambia aendelee kwa muda autakao. Hata hapo hakukisahau kiazi, akakifananisha na njugu kama ndugu wawili pacha. Baada ya siku hiyo magazeti yalimfanya mchawi wa maabara. Yaliandika kwamba amegundua mamia ya vitu, na mpaka leo wako wanaoamini kuwa ndiye aliyebuni siagi ya njugu. Hakuibuni, ilikuwako kabla yake. Katika maisha yake yote alichukua hati tatu tu za uvumbuzi, na vitu vyake vingi havikufika madukani. Wako pia watu weusi wenzake waliomlaumu kwa kunyamaza juu ya ubaguzi na huku akisifiwa na matajiri wa kizungu, na lawama hiyo haikukosa msingi.

Lakini wanaomtetea kwa kuhesabu uvumbuzi, na wanaomshusha kwa kuuhesabu, wote nadhani wanamtazama mahali pasipo pake. Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya chumba kimoja huko Alabama, ambako mama alipata kijitabu cha bure na kugundua kwamba katika kilima cha viazi nyuma ya nyumba yake mna mkate, unga na kitamutamu cha siku ya furaha, na kwamba wiki hii hana haja ya kwenda dukani kukopa. Kazi kama hiyo haina hati ya uvumbuzi.

Carver hakuoa. Alivaa suti kuukuu yenye ua kifuani, na hundi zake za mshahara mara nyingi zilikaa mezani bila ya kupelekwa benki. Akiba yake, yapata dola 60,000, aliitoa kwa ajili ya utafiti na kwa jumba la makumbusho hapo Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka ngazini, akazikwa chuoni hapo kando ya Booker T. Washington, mkuu aliyezozana naye miaka mingi. Mwaka huo huo serikali ilifanya shamba alilozaliwa mtumwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, heshima ambayo mtu mweusi hakuwahi kupewa kabla yake.

Mwaka 1947 moto uliwaka katika jumba lake la makumbusho, na picha nyingi alizozichora ziliteketea. Vijitabu havikuhusika na moto huo, kwa kuwa vilikuwa vimeshatawanyika majikoni.